Kiroba cha Khanga Nyuma ya Mlango

Kwenye kabati langu hapa Kihesa, Iringa, kuna khanga moja ambayo si yangu wala si ya marehemu mama. Nimeifua mara mbili kwa sabuni ya unga, nikaianika juani, na bado ukiisogeza puani unapata moshi na karanga za kukaanga. Nilirudi nayo siku tuliyompoteza mama. Ilivyofika kwangu nitaeleza baadaye. Kwanza nieleze kwa nini mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, nilipoiona siku ile imetandazwa juu ya mama yangu, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa kilio. Kilikuwa hofu, ile ile ya utotoni.

Nilikulia Chimala, pembeni kabisa ya barabara kuu. Kwa wengine barabara ni kitu cha kupita tu. Kwetu ilikuwa jirani, tena jirani mwenye makelele. Vikombe vikitetemeka mezani, mama alijua lori lililopita limebeba mafuta au mchele. Alikuwa mama lishe, mwenye kibanda cha mabati, mabenchi mawili na sufuria la wali ambalo madereva walilisifu mpaka Tunduma. Baba alikuwa Makongolosi akichimba dhahabu ambayo sisi hatukuwahi kuiona rangi yake. Nyumbani tulibaki watatu: mama, mimi Sekela, na mdogo wangu Ambwene ambaye alikuwa hajaanza shule.

Nyuma ya mlango wetu palikuwa na msumari, na kwenye msumari palining'inia kiroba cha mchele. Ndani hamkuwa na mchele. Mlikuwa na khanga kuukuu, zimefuliwa, zimekunjwa, zimewekewa vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Nyingine mama aliziomba kwa wanawake wa mtaani. Nyingine alipewa na jirani yetu Mama Hawa, mwenye duka la vitambaa, ambaye babu zake walitoka pwani na kwa hiyo alijihesabu ndiye mwenye neno la mwisho katika jambo lolote la khanga. Kiroba kile hatukuruhusiwa kukigusa. Mama alisema si chetu, ni cha watu wa barabarani.

Ajali ikitokea, bodaboda wa kwanza kupita alipiga honi kwetu. Mama aliacha chochote alichoshika. Aliacha wali haujakauka maji, aliacha wateja na sahani mikononi, akatungua kiroba akaenda. Wenye nguvu walibeba majeruhi, askari walipima barabara kwa kamba yao, na mama aliwafunika wale waliokwisha kufa, kisha akakaa nao chini, miguu ameinyoosha kama yuko msibani, mpaka gari lije kuwachukua au ndugu atokee. Mara nyingine alikaa tangu asubuhi hadi alasiri. Kwetu maiti haachwi peke yake, hilo kila mtu analijua, ila wengi wanafikiria maiti wa kwao. Mama hakuweka mpaka huo, na baba alipopiga simu kulalamika kwamba wateja wanahama, alimjibu kwamba wakisikia njaa watarudi.

Watu wazima walimsifu. Mimi nilikuwa namwogopa.

Ilianza nikiwa darasa la pili, siku moja tunatoka shule. Mwanamume mmoja alikuwa amegongwa, amelala kando ya lami, kiatu kimoja hakipo. Mama alikuwa anakunjua khanga. Na mimi nikaona kidole gumba cha ule mguu usio na kiatu kikicheza. Pengine ni upepo ulipeperusha soksi. Pengine hakikucheza kabisa. Lakini mimi nilikiona. Kisha khanga ikashuka, mama akaikandamiza pembeni kwa mawe madogo, akainama na kumnong'oneza yule mtu kitu sikioni, taratibu, kama anavyoninong'oneza mimi nikiwa na homa. Kidole hakikucheza tena. Wenzangu walikimbia. Mimi nilibaki pale pale nikitazama.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaelewa. Watu wanagongwa, wanalala, lakini bado wamo. Mama anakuja, anawafunika, anawanong'oneza, wanakwisha. Sikujua kwa nini anafanya hivyo. Nilidhani ni kazi aliyopewa, kama vile baba alivyopewa kuchimba.

Na ukishaamini jambo, ushahidi haukosekani. Dereva mmoja alisema kibandani, mdomo umejaa wali, "Ukimwona Mama Sekela na kiroba chake, ujue basi tena," na benchi zima likacheka. Mama akirudi kutoka barabarani hakuingia ndani mpaka Mama Hawa amwagie maji ya kunawa pale uani. "Leo umewasindikiza wangapi, shoga yangu?" Mama Hawa angeuliza. "Wawili," mama angejibu, akisugua kucha kwa sabuni ya mche. Baada ya hapo mikono ile ile ilinipakulia chakula. Nilikula, kwa sababu kukataa kula kulikuwa na adhabu yake. Lakini niliacha kujifunika nikilala. Mama akinitandikia shuka, nalitupa. "Huyu mtoto ana joto gani jamani?" alikuwa akishangaa, na mimi nimejikunja pale, meno yanagongana, natazama mikono yake.

Na nilimpenda. Hapo ndipo palipouma. Ningekuwa namwogopa jirani, ningemshtaki kwa mama. Sasa mama nimshtaki kwa nani?

Masika yale Ambwene alipata homa. Mvua ilikuwa hainyamazi, nguo zote ndani zilikuwa mbichi, na yeye anatoka jasho huku anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Mama alimvua nguo zilizolowa, akatazama huku na huku, kisha akaenda nyuma ya mlango. Nilimwona akitungua kiroba. Akatoa khanga ya kijani yenye korosho za manjano.

"Mama, siyo hiyo," nikasema.

"Siyo hiyo nini?"

"Ni ya watu wa barabarani."

"Watanisamehe leo. Humwoni mdogo wako anavyotetemeka?"

Akamfunika mpaka shingoni. Akainama, akamnong'oneza sikioni. Mama akavaa kandambili, akaniambia nisibanduke pale, akatoka mbio kwenda duka la dawa.

Nilijua kwamba mdogo wangu anakufa na anayemuua ni mama, tena kwa upendo, bila kujua. Niliivuta ile khanga kwa ncha za vidole. Nikaisukumia ndani ya kiroba, nikakipakata kiroba kizima na kutoka nacho kwenye mvua, nikilia kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia.

Nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga palikuwa na vilima vya pumba vilivyotuzidi urefu. Kila mtoto wa Chimala anajua kwamba lundo la pumba usilolijua hulikanyagi. Juu linaonekana limepoa, mvua imelilowesha, na ndani moto unatambaa wiki nzima bila kutoa hata ulimi. Sikukumbuka lolote kati ya hayo. Nilichimba kwa mikono, nikakizika kiroba, nikarudi.

Mama alinikuta nimemlalia Ambwene, nimemfunika kwa sweta langu la shule.

"Khanga iko wapi?"

"Ameilowesha. Nimeiweka nje."

Alikuwa anahangaika kuponda kidonge kwenye kijiko, hakuuliza zaidi. Siku ya tatu Ambwene akaomba uji. Watu wakaisifu dawa. Mimi nikajua ukweli, na kwa siku ile moja nilitembea pale nyumbani kama mkuu wa wilaya. Nilikuwa nimemwokoa mdogo wangu. Nilikuwa nimewaokoa watu wote watakaopita barabara ile.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, manyunyu yanaanguka, honi ilipolia. Gari la abiria kutoka Mbeya lilikuwa limepinduka darajani, si mbali na mashine. Mama akafuta mikono, akapeleka mkono nyuma ya mlango bila hata kutazama, kama siku zote. Mkono ukakuta msumari mtupu. Akatazama chini, akatazama chini ya kitanda, akanitazama mimi.

"Sekela, kiroba kiko wapi?"

"Sijui, mama."

Alinikazia macho kidogo. Kisha akamwita Mama Hawa amwangalie Ambwene, akaondoka mikono mitupu. Na mimi nikamfuata kwa nyuma. Sikumfuata kwa huruma, nisijisifu. Nilitaka kuona ajali isiyoua mtu.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mzee amelala chali kwenye majani, amevaa koti la kwendea kanisani. Macho yako wazi na manyunyu yanaingia humo, na hapepesi. Vijana watatu wamemsimamia na simu zao, mmoja anasogea kutafuta sehemu nzuri ya kumpiga picha. Hakuna aliyekuwa amemfunika. Hakuna aliyekuwa amemnong'oneza. Na alikuwa amekufa. Nilimtazama muda mrefu nikisubiri apepese. Kitu nilichokuwa nimekijua kwa mwaka mzima kilibomoka pale pale, na chini yake nikakuta hofu nyingine, maana kama si mama, basi watu wanakufa wenyewe tu, na hakuna kiroba cha kuficha.

"Tokeni hapo!" mama aliwapigia kelele wale vijana. "Baba yenu huyu!" Akafungua khanga aliyojifunga kiunoni, ile aliyopikia, akamfunika mzee yule. Akabaki na gagulo lake la ndani lililofifia, mbele ya madereva waliomzoea, mbele ya mchungaji wetu aliyekuja kusaidia. Sijawahi kuona aibu kubwa kama ile, na ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Pembeni, ameegemezwa kwenye nguzo ya daraja, palikuwa na mwanamke wa umri wa mama. Mguu wake sikuutazama mara mbili. Alikuwa amelowa chapachapa na anatetemeka vibaya kuliko Ambwene.

"Nipeni kitu nimfunike!" mama akasema. Watu wakatazamana. Kila mtu alikuwa na nguo yake tu, nayo imelowa.

"Mama usimfunike!" nikapiga kelele. Sijui ilitoka wapi. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu, lakini mdomo ulikuwa bado haujapata habari.

Mama akageuka. Ndipo aliponiona. "Baridi itammaliza huyu, Sekela! Zile khanga ziko wapi?"

"Kwenye pumba."

Sikungoja aelewe. Nilikimbia mpaka nyuma ya mashine, nikaanza kuchimba. Mkono ulipozama hadi kiwiko, joto likanipokea. Niliendelea kuchimba. Zile za chini zilikuwa majivu yanayoshika umbo la mikunjo, ukigusa zinasambaratika. Ya juu kabisa, ile ya kijani niliyoisukumia mwisho, ilikuwa imeungua nusu. Niliing'oa na cheche zake, nikaizimisha kwenye dimbwi la maji, nikaikamua, nikarudi nayo. Kovu liko hapa kiganjani mwa kulia, watoto wangu hudhani ni la mafuta ya maandazi.

Mama aliichukua ile nusu khanga, ina uvuguvugu, inanuka moshi, akamfunika yule mwanamke kifuani na mabegani. Nilimtazama. Kutetemeka kukapungua. Kukapungua tena. Macho yakafumba. Nikajua ndiyo hivyo, basi, anakwisha, na khanga nimeileta mimi. Nilitaka kuirukia niinyakue. Kisha yule mwanamke akafumbua macho, akanitazama mimi wala si mama, akasema, "Ndaga, mwanangu." Ndaga ni asante ya kwetu. Hajawahi mtu kunishukuru kwa namna ile tena.

"Kaa naye," mama akaniambia. "Mimi nikae na mzee."

"Mama, naogopa."

"Ogopa ukiwa umekaa. Mshike mkono, mwambie yuko wapi."

"Nimwambie tu yuko wapi?"

"Mtu akianguka safarini hajui amefika wapi. Mwambie."

Kumbe hicho ndicho alichokuwa akiwanong'oneza. Nikakaa kwenye matope, nikashika mkono wa mtu nisiyemjua, nikamwambia, "Hapa ni Chimala, mama." Akasema alikuwa anakwenda Iringa kumwona binti yake aliyejifungua. Nikamwambia tena hapa ni Chimala. Sikuwa na lingine. Nadhani nilisema mara hamsini, kila anapofumba macho nasema kwa nguvu zaidi, mpaka wanaume walipompakia nyuma ya gari dogo la mizigo wakaondoka naye, na nusu khanga ikaenda naye. Alipona au hakupona, sijui. Hatukusikia tena habari zake.

Mzee mwenye koti alichukuliwa saa tisa. Mama alikaa naye hadi saa hiyo, amevaa gagulo na khanga ya kuazima, na mimi nilikaa nyuma yake.

Jioni ile Mama Hawa alitumwagia maji wote wawili uani. Mama alipoona kiganja changu, akataka kujua, na mimi nikasema yote: kidole gumba, kunong'ona, Ambwene, pumba.

"Kwa hiyo ulidhani naua watu?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Na wali wangu ulikuwa unakula?"

"Ndiyo."

Mama Hawa alicheka mpaka akamwaga maji miguuni mwetu. "Mwenzangu, una mtoto jasiri," akasema. Mama hakucheka. Alikuwa ananipaka asali kwenye kidonda na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikagundua kwamba ilikuwa ikitetemeka kila aliporudi kutoka barabarani, ila mimi nilikuwa natazama mikono hiyo kwa jicho jingine.

"Na mimi naogopa, Sekela," akasema. "Kila honi ikilia naogopa."

"Sasa unaendea nini?"

"Yule mzee ana mtoto wake mahali. Mtoto huyo angekuwepo, angekaa. Hayupo, hata habari hajapata. Basi nakaa mimi mpaka mwenyewe afike."

Wiki iliyofuata alipita mtaani kuomba khanga upya, na alinilazimisha nitembee naye nyumba kwa nyumba. Kiroba kikarudi kwenye msumari. Hofu yangu haikwisha, nisiwadanganye. Nilikua, nikasoma, nikaolewa huku Iringa, na hadi leo nikipita gari lililopinduka nageuza uso upande wa pili. Sikurithi moyo wa mama, nimerithi kovu.

Mwaka mama alipoanza kulalamika kifua, nilimwambia aje Kihesa apimwe. Akapanda basi la alfajiri. Saa nne kasoro simu yangu ikaita, namba siijui. Sauti ya mwanamke ikauliza, "Wewe ndiye Sekela? Mama yako yuko hapa Mafinga, stendi. Wamemshusha, hajisikii vizuri. Njoo, dada. Endesha taratibu." Lile neno taratibu ndilo lililoniambia. Mtu hakwambii uendeshe taratibu kama kuna cha kuwahi.

Nilimkuta barazani kwa duka lililofungwa. Gari lilikuwa limeitwa, halijafika. Mama alikuwa amelazwa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, na juu yake khanga ya kahawia nisiyoijua, imefika mpaka usoni. Chini, kando yake, mwanamke mmoja amekaa ameinyoosha miguu, na ungo wake wa karanga uko pembeni, vifurushi vimepangwa, havijaguswa tangu asubuhi. Watu wa stendi walikuwa wanapita wakimwita awauzie, naye anatikisa kichwa tu.

Na mimi, badala ya kulia, nikawa mtoto wa darasa la pili. Nilitazama miguu ya mama kama kuna kidole kinacheza. Nikamwuliza yule mwanamke, kwa sauti ambayo naionea haya mpaka leo, "Ulimfunika akiwa bado mzima?"

Hakukasirika. "Alikuwa anasikia baridi, dada," akasema. "Aliniuliza hapa ni wapi. Nikamwambia Mafinga. Akasema, kumbe bado kidogo tu. Halafu akatulia."

Akajikongoja akainuka, magoti yamekufa ganzi, akajipangusa vumbi, akajitwika ungo wake. Nikamwambia, dada, khanga yako. Akaitazama, akanitazama.

"Iache," akasema. "Mwenyewe umeshafika. Mimi niende."

Sikumwuliza jina. Nilikuwa naogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa. Nikakaa pale pale alipokuwa amekaa yeye. Saruji ilikuwa bado ina joto lake.